Anwani na Ufunguo: Istilahi za Kupokea Malipo kwa Njia ya Intaneti

Utangulizi

Miongoni mwa kazi ambazo wazungumzaji wa Kiswahili hulipwa kwa kuzifanya kupitia intaneti, zimo kazi za lugha yenyewe. Wapo wanaofasiri maandishi ya kampuni za ng'ambo, wapo wanaoyaandika maneno yaliyorekodiwa kwa sauti, na wapo wanaowafundisha Kiswahili wanafunzi walio Ulaya na Marekani bila ya wao wenyewe kutoka nyumbani. Mfasiri aliye Kurui, wilayani Kisarawe, aweza leo kuifanya kazi ya mwajiri aliye London, maadamu ana simu, umeme na mtandao. Kazi ikishakwisha hubaki swali moja: ujira wake utamfikiaje, na utamfikiaje salama?

Kwa kawaida swali hili hujibiwa na watu wa benki na wa kampuni za simu. Makala haya yanalitazama kwa upande wa istilahi. Hoja yetu ni kwamba utapeli mwingi unaowapata wapokeaji wa malipo hupitia katika mlango wa lugha. Tapeli haivunji kompyuta ya benki. Humshawishi mwenye akaunti, kwa maneno, atoe kitu ambacho mwenyewe hakujua kwamba ni siri. Kwa hiyo jina tunalokipa kitu hicho laweza kumlinda mtu, au laweza kumwacha wazi. Wafasiri, walimu na watumishi wa Serikali ndio wanaoyaandika majina hayo katika fomu, matangazo na vitabu, na kwa sababu hiyo jambo hili linawahusu.

Maneno ya zamani katika kazi mpya

Kiswahili si kigeni katika kazi ya kuyapa majina mambo ya fedha. Neno fedha, lenye asili ya Kiarabu, ni jina la madini kabla ya kuwa jina la mali. Neno pesa, lililotujia kutoka India, lilikuwa jina la sarafu ndogo ya shaba. Mwaka 1890 Kampuni ya Kijerumani ya Afrika Mashariki ilitoa sarafu za shaba zilizoitwa pesa, na pesa 64 zilifanya rupia moja. Hesabu hiyo iliachwa mwaka 1904, ilipoingia heller, ambazo 100 zilifanya rupia moja. Shaba ikaondoka katika mzunguko, jina likabaki. Safaricom ilipoianzisha M-Pesa nchini Kenya mwezi Machi 2007, na Vodacom ilipoileta Tanzania mwaka 2008, neno hilo lilikuwa tayari limezoea kutaja thamani isiyoshikika mkononi.

Pamoja na huduma hiyo yalikuja maneno mengine ambayo leo hayamtatizi mtu: wakala, salio, muamala, kuweka, kutuma na kutoa. Yote ni maneno ya zamani yaliyopewa kazi mpya. Salio ni kile kinachosalia. Muamala ni mahusiano na mapatano baina ya watu. Wakala ni mtu afanyaye jambo kwa niaba ya mwingine. Mzee asiyejua kusoma huyaelewa maneno haya anapoyasikia, kwa kuwa kila moja linajieleza lenyewe. Hiki ndicho kipimo cha istilahi njema: mtu akilisikia neno kwa mara ya kwanza, limwelekeze upande ulio sahihi hata kabla hajaelezwa.

Kwa kipimo hicho, liko kundi moja la istilahi ambalo bado ni dhaifu. Nalo ni kundi la majina ya vitu vinavyofungua akaunti.

Kinachotambulisha na kinachofungua

Kila akaunti ya kupokelea malipo, iwe ya benki, ya simu, au ya kampuni za malipo ya intaneti kama PayPal na Payoneer, ina habari za aina mbili. Aina ya kwanza humwambia mlipaji mahali pa kupeleka malipo. Aina ya pili humruhusu mwenye akaunti kuingia na kuondoa kilichomo. Ya kwanza tutaiita anwani, na ya pili tutaiita ufunguo. Mtu hutoa anwani yake ili aletewe barua. Hakuna atoaye ufunguo wa nyumba ili aletewe barua.

Kwa malipo ya simu, anwani ni namba ya simu pamoja na jina lililosajiliwa. Kwa kampuni za malipo ya intaneti, mara nyingi anwani ni baruapepe ya mwenye akaunti. Kwa malipo ya benki kutoka nje ya nchi, anwani ni jina la mwenye akaunti, namba ya akaunti, jina la benki, na namba ya utambulisho ya benki hiyo katika mtandao wa SWIFT, ambayo huwa na herufi na tarakimu 8 au 11. Mlipaji akishapata hizo, hahitaji zaidi.

Ufunguo nao una sura kadhaa. Ipo namba ya siri, ambayo wengi huiita PIN. Lipo neno la siri, ambalo baadhi ya wafasiri huliita nywila. Zipo tarakimu zinazoletwa katika simu kwa ujumbe mfupi wakati mtu anapotaka kuingia katika akaunti, ambazo hutumika mara moja tu na kuisha nguvu baada ya muda mfupi. Aidha, zipo tarakimu tatu zilizoandikwa nyuma ya kadi ya benki. Hizi za mwisho huwapoteza watu wengi, kwa kuwa namba ya kadi na namba ya akaunti huitwa kwa pamoja "namba ya benki". Namba ya akaunti ni anwani. Namba ya kadi, tarehe ya mwisho wa matumizi yake na zile tarakimu tatu, zikiwa pamoja, ni ufunguo, maana mwenye kuzijua aweza kununulia vitu. Anayetaka kukulipa kupitia benki hana haja nazo hata moja.

Hapo pana kanuni ambayo yafaa ifundishwe kabla ya nyingine zote: kupokea hakuhitaji ufunguo. Mwenye namba ya simu hupokea pesa hata akiwa amelala. Simu ikimwomba aingize namba ya siri, basi ama anaangalia salio ama anaidhinisha jambo fulani, na mara nyingi jambo hilo ni pesa kutoka. Mtu anayemwambia, "Ingiza namba yako ya siri ili upokee malipo," anasema jambo ambalo haliwezekani. Hali kadhalika, ufunguo huingizwa na mwenyewe, katika mlango wake mwenyewe. Haupelekwi kwa mtu mwingine ili akufungulie, hata mtu huyo akijitambulisha kuwa ni wa huduma kwa wateja.

Neno "siri" lisikike

Sasa tuangalie jinsi jina linavyoweza kumponza mtu. Kwa miaka mingi wananchi wameonywa: "Usimpe mtu yeyote namba yako ya siri." Onyo hilo limewaingia. Tapeli naye amelisikia, kwa hiyo haombi namba ya siri. Husema: "Kuna namba sita zimeingia kwenye simu yako sasa hivi, hebu nisomee." Mwenye simu hufikiri hivi: namba yangu ya siri niliichagua mwenyewe na sijaitaja, hizi zimetumwa na kampuni, na huyu ni mtu wa kampuni, basi hazina siri baina yetu. Hoja yake haina kasoro kwa kadiri ya maneno aliyofundishwa. Kasoro imo katika maneno yenyewe, kwa kuwa tuliuita ufunguo mmoja kwa jina la siri na ufunguo wa pili tukauacha bila ya jina hilo.

Katika matangazo na tafsiri mbalimbali, tarakimu hizo huitwa namba ya uthibitisho, namba ya uhakiki, au msimbo. Maneno hayo yote ni sahihi kwa maana, lakini hakuna hata moja linaloonya. "Uthibitisho" huashiria kitu cha kuonyeshwa, kama cheti au stakabadhi. Mtu akiombwa uthibitisho hudhani wajibu wake ni kuutoa. Wapo pia wanaosema "kodi", kwa kuliiga neno la Kiingereza, na hilo halifai kabisa, maana kodi kwetu ni malipo ya Serikali au ya nyumba. Mwananchi akiambiwa "tuma kodi iliyokuja" aweza kuelewa jambo jingine kabisa.

Pendekezo letu ni hili: kila kitu kinachofungua akaunti kiitwe kwa jina lenye neno siri ndani yake. Tuwe na namba ya siri, neno la siri, na namba ya siri ya mara moja. Jina la tatu ni refu, lakini urefu wake una faida: linasema kwamba ni siri, na linasema kwamba inatumika mara moja tu. Zile tarakimu za nyuma ya kadi ziitwe tarakimu za siri za kadi. Neno nywila ni fupi na zuri, na hatusemi liachwe; lakini katika matangazo kwa umma neno la siri lina nguvu zaidi, kwa sababu linaonya lenyewe bila ya kuhitaji maelezo.

Kuhusu uthibitishaji, yafaa tutofautishe maneno mawili. Uthibitishaji ni tendo. Uthibitisho ni kitu au ushahidi. Uthibitishaji wa hatua mbili ni utaratibu ambao mwenye akaunti huingiza neno la siri, kisha huingiza namba ya siri ya mara moja. Kila anayepokea ujira kwa intaneti auwashe utaratibu huo katika akaunti ya malipo na pia katika baruapepe yake, kwa kuwa mwenye kuishika baruapepe aweza kuomba neno jipya la siri la akaunti ya malipo.

Sarufi ya utapeli

Walimu wa lugha wana nafasi ya pekee hapa, kwa kuwa ujumbe wa matapeli waweza kuchambuliwa kama matini nyingine yoyote. Tuchukue ujumbe ulioenea sana nchini: "Ile pesa itume kwenye namba hii, jina litakuja," kisha hufuata jina la mtu. Nguvu yote ya ujumbe huu imo katika neno "ile". Kiashiria hiki hurejelea kitu ambacho msemaji na msikilizaji wamekwisha kukizungumza. Tapeli hajazungumza na mtu, lakini akiwatumia watu wengi ujumbe huo, hakosi kumpata mmoja ambaye siku hiyo alikuwa anajiandaa kumtumia ndugu pesa. Huyo hulijaza pengo mwenyewe.

Sehemu ya pili, "jina litakuja", ina ujanja zaidi. Kabla ya kutuma, simu humwonyesha mtumaji jina la mpokeaji ili ahakikishe. Hiyo ndiyo kinga yake. Ujumbe humwandaa mapema alione jina geni na asishtuke. Kwa maneno mawili tu, kinga imegeuzwa kuwa ushahidi wa tapeli. Ujumbe wa namna hiyo hupelekwa kwenye namba 15040, iliyowekwa na Mamlaka ya Mawasiliano Tanzania kwa ajili ya taarifa za utapeli.

Wanaofanya kazi za intaneti huletewa ujumbe wa aina nyingine, nao pia una sarufi yake: "Malipo yako yamezuiwa. Akaunti yako itafungwa. Thibitisha sasa." Vitenzi viwili vya kwanza viko katika kauli ya kutendwa, na mtenda hakutajwa. Yamezuiwa na nani? Itafungwa na nani, kwa kosa gani? Kiswahili kinaruhusu mtenda aachwe, na ndiyo maana yafaa tuwazoeze wanafunzi kumtafuta. Zoezi ni jepesi: mwanafunzi apewe ujumbe, aandike upya kila sentensi kwa kauli ya kutenda. Akishindwa kumtaja mtenda, asibonyeze chochote. Aifungue akaunti yake kwa njia aliyoizoea na kuangalia kama kuna taarifa yoyote humo.

Kuisoma anwani ya tovuti

Ujumbe huo kwa kawaida hufuatwa na anwani ya tovuti, na hapa pia msomaji aweza kukisaidia macho kwa kanuni. Jina la tovuti, yaani sehemu iliyo kabla ya mkwaju wa kwanza unaofuata jina hilo, husomwa kama tunavyosoma anwani za mahali: mwenye mamlaka yuko mwishoni. Tukiandika "Kurui, Kisarawe, Pwani", kata imo katika wilaya na wilaya imo katika mkoa. Mtu akituandikia "Kurui, Kisarawe, Tabora", majina mawili ya kwanza ni ya kweli na bado anwani ni ya uongo, kwa sababu neno la mwisho halilingani nayo.

Ndivyo ilivyo kwa bot.go.tz, tovuti ya Benki Kuu ya Tanzania. Sehemu ya tz ni nchi, go ni Serikali, na bot ni taasisi yenyewe. Tapeli hupenda kuliweka jina maarufu mwanzoni, kisha nukta, kisha jina lake mwenyewe mwishoni. Anayesoma mwanzo tu huona jina la benki au la kampuni anayoijua, na kumbe mwenye nyumba ni yule wa mwisho. Msomaji aanze kulia.

Hali za malipo

Vijana husema "muamala umesoma", wakiwa na maana kwamba pesa imeingia. Usemi huu unafanana na ule wa mita kusoma, na ni usemi mzuri, ila una hatari moja. Kinachosomwa mara nyingi ni ujumbe mfupi au baruapepe, na ujumbe aweza kuuandika mtu yeyote. Kinachopasa kusoma ni salio, nalo huangaliwa ndani ya akaunti yenyewe.

Hata salio likisoma, habari haijakwisha. Katika malipo ya intaneti hali za malipo ni nne, na yafaa kila moja iwe na jina lake: malipo yaliyotumwa, malipo yanayongoja, malipo yaliyoingia, na malipo yaliyotenguliwa. Kwa hali ya mwisho tunapendekeza istilahi utenguzi wa malipo, kwa mfano wa kutengua uteuzi au hukumu. Mteja aliyelipa kwa PayPal, kwa mfano, ana siku 180 za kufungua madai kwamba hakupata alichonunua, na madai yake yakikubaliwa malipo huondolewa kwa mpokeaji. Mwenye kadi naye aweza kuiomba benki yake itengue malipo.

Mtu asiyeijua hali hii huangukia katika mtego mmoja wa siku nyingi. Mteja humlipa dola 500 badala ya 100, huomba radhi, na kumsihi azirudishe zilizozidi kwa njia ya simu kwenda namba fulani. Mfasiri mwaminifu huzirudisha siku hiyohiyo. Baadaye yale malipo ya kwanza yanatenguliwa, kwa kuwa yalifanywa kwa kadi ya wizi, na mfasiri amepoteza ujira wake pamoja na pesa aliyoitoa mfukoni. Kanuni ni kwamba malipo hurudishwa kwa njia ileile iliyoyaingiza, kwa kutumia sehemu ya kurejesha malipo iliyo ndani ya akaunti.

Mwenye akaunti na mtumiaji wa akaunti

Jambo la mwisho ni umiliki. Kampuni za malipo ya intaneti hazitoi huduma sawa katika kila nchi. Zipo nchi ambazo wenye akaunti huruhusiwa kutuma bila ya kupokea. Kwa hiyo mfanyakazi aulize kwanza, kabla ya kupatana na mwajiri. Kuna wanaolikwepa tatizo hilo kwa kujiandikisha kama wakazi wa nchi nyingine au kwa kuazima akaunti ya rafiki. Kampuni ikihitaji kitambulisho, na huweza kukihitaji siku ambayo salio limekuwa kubwa, akaunti hufungwa na mtu hana pa kudai.

Hata nyumbani, neno "mwenye simu" lina maana mbili. Tangu tarehe 1 Mei 2019 laini za simu Tanzania husajiliwa kwa alama za vidole pamoja na Kitambulisho cha Taifa. Kijana anayetumia laini iliyosajiliwa kwa jina la kaka yake ni mtumiaji. Mwenye laini, na mwenye salio lililomo, ni kaka. Tunapendekeza fomu zitofautishe mmiliki wa laini na mtumiaji wa laini. Kila mtu aweza kuangalia ni namba zipi zimesajiliwa kwa kitambulisho chake kwa kupiga *106#, na akikuta namba asiyoijua, atoe taarifa kwa kampuni ya simu inayohusika.

Mapendekezo

Kwa wafasiri: katika tafsiri yoyote ya programu au mwongozo wa malipo, neno siri lisikosekane katika majina ya vitu vinavyofungua, na mtenda atajwe kila inapowezekana. "Kampuni imezuia malipo yako" ni bora kuliko "Malipo yako yamezuiwa."

Kwa walimu: ujumbe wa matapeli ni matini halisi ya kufundishia viashiria, kauli ya kutendwa na rejeo. Mwanafunzi atakayejifunza hayo darasani atayapeleka nyumbani kwa wazazi.

Kwa watumishi wa Serikali: tangu mwaka 2021 Kiswahili ndiyo lugha ya sheria nchini, na makosa ya namna hii yanahusika na Sheria ya Makosa ya Mtandao ya mwaka 2015. Ofisa anayeandika maelezo ya mlalamikaji abainishe kama mtu huyo alitoa anwani au alitoa ufunguo, na kama malipo yalikuwa yanangoja, yaliingia au yalitenguliwa. Maelezo yasemayo tu "aliibiwa kwa njia ya mtandao" hayamwonyeshi mpelelezi pa kuanzia.

Istilahi tulizozipendekeza hapa, yaani namba ya siri ya mara moja, tarakimu za siri za kadi na utenguzi wa malipo, bado ni mapendekezo. Tunawaomba wasomaji wazijaribu kazini na kutuarifu jinsi zilivyopokelewa. Aidha, wale walio karibu na mawakala na wafanyakazi wa intaneti watuletee maneno yanayotumika katika sehemu zao kwa vitu hivi, pamoja na mfano wa sentensi moja kwa kila neno, ili yapimwe pamoja na haya kabla ya kusanifiwa.